Je, Wajua? Kofi, Neno na Mtoto Anayejifunza Kusema

Kuhusu kumchapa mtoto mdogo, wahenga walitoka sare. Mmoja alisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwingine akasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kila mzazi huokota methali inayomfaa siku hiyo. Safari hii tumewaacha wahenga wapumzike, tukaenda kwa watu wenye vinasa sauti, saa za kuhesabu sekunde na mashine za kupiga picha ubongo. Tumerudi na kapu limejaa.

Sekunde 30 tu

Tangu mzozo uanze hadi mkono utue kwenye mwili wa mtoto, hupita sekunde 30 hivi. Ndivyo ilivyosikika Dallas, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Familia 33 zilikubali mzazi mmoja, mara nyingi mama, avae kinasa sauti jioni hadi sita huku akiendelea na mambo yake: kupika, kuogesha, kulaza watoto. Wazazi wengi husema huchapa wakishajaribu njia nyingine zote. Sekunde 30 hazitoshi hata kumenya kitunguu.

Mayai hayajaiva, utundu umerudi

Katika kanda hizohizo za Dallas watafiti walihesabu matukio 41 ya mtoto kuchapwa. Katika matukio 30, mtoto alikuwa ameshaanza utundu tena ndani ya dakika 10. Bandika mayai jikoni mara tu baada ya kofi: kabla kiini hakijakaza, mko palepale mlipoanzia. Tofauti ni kwamba sasa mmoja ana machozi na mwingine ana mkono unaowasha.

Milioni moja kila sekunde

Ubongo wa mtoto katika miaka ya mwanzo hujenga miunganiko mipya ya neva zaidi ya milioni moja kwa sekunde. Hayo ni makadirio ya wataalamu wa makuzi ya mtoto wa Chuo Kikuu cha Harvard. Zidisha kwa zile sekunde 30 za Dallas, upate milioni 30. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 Tanzania, kwa hiyo ni kama karibu nusu ya nchi imeshikana mikono kabla mzozo mmoja wa sebuleni haujaisha. Miunganiko inayotumiwa sana huimarika. Ile inayosahauliwa hupogolewa, kama mkulima wa Kilimanjaro anavyopogoa mibuni yake.

Kichanga hulia kwa lafudhi ya kwao

Mwaka 2009 watafiti walichambua vilio vya vichanga 60, nusu wa Kifaransa na nusu wa Kijerumani, wote wakiwa na siku chache tu duniani. Vilio vya Kifaransa vilielekea kupanda kuelekea mwisho, na vya Kijerumani vilielekea kushuka, sawasawa na mahadhi ya lugha za mama zao. Watoto hao hawakuwa wamepata nafasi kubwa ya kujifunza nje. Mahadhi hayo huenda waliyachukua tumboni. Sikio la mtoto huingia kazini miezi kadhaa kabla hajazaliwa, na sauti ya nyumba yenu, iwe ya upole au ya ukali, ndiyo muziki wake wa kwanza.

Hasemi, lakini anakusikia

Mtoto wa miezi sita, ambaye bado anajaribu kula vidole vyake vya miguu, tayari anaelewa maana ya maneno kadhaa ya kila siku. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania uliotoka mwaka 2012 uliwaonyesha watoto wa miezi sita hadi tisa picha, huku mama akitaja chakula au kiungo cha mwili. Macho ya mtoto yakaelekea kwenye picha iliyotajwa mara nyingi kuliko bahati nasibu ingeruhusu. Ukisema "huyu bado haelewi kitu", huenda yeye ameelewa hata hiyo.

Video ilipata sifuri

Watoto wa Marekani wenye umri wa miezi tisa hivi walichezeshwa na watu wanaozungumza Kichina cha Mandarin kwa vipindi 12 vifupi. Mwishoni walitofautisha sauti za Mandarin vizuri kama watoto waliozaliwa katika lugha hiyo. Wenzao walionyeshwa watu walewale, vitabu vilevile na vipindi vilevile, ila kwenye skrini. Hawakuambulia kitu. Utafiti huo wa Seattle, wa mwaka 2003, unatuambia kwamba mtoto wa umri huo haokoti lugha kama redio inavyookota mawimbi. Huipokea kutoka kwa mtu anayemtazama, anayemchekea na anayemngoja.

Siri iko kwenye zamu

Mwaka 2018 watafiti wa MIT waliwarekodi nyumbani watoto 36 wa miaka minne hadi sita, kisha wakautazama ubongo wao ukisikiliza hadithi. Kilichoendana na ubongo wenye kuchangamka zaidi katika eneo la lugha hakikuwa wingi wa maneno yaliyomwagwa sebuleni. Kilikuwa idadi ya zamu: mtoto kasema, mtu mzima kajibu, mtoto karudisha.

Sasa sikiliza mchezo huu. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." "Yai!" Hizo ni zamu nne ndani ya sekunde tano, na hakuna aliyehitaji mashine. Kofi nalo ni zamu, lakini halina jibu. Mazungumzo hukatika hapohapo.

Nairobi: kitenzi kisicho na kichwa

Mtoto anayejifunza Kiswahili hupenda kukata kichwa cha kitenzi. Mwanaisimu Kamil Ud Deen aliwafuatilia watoto wanne wa Nairobi, na katika kitabu chake cha mwaka 2005 alionyesha jinsi viambishi vya nafsi na vya wakati vinavyodondoka mwanzoni, kisha vinarudi kimoja kimoja. Mtu mzima husema "ameanguka". Mdogo anaweza kukuletea "meanguka", au "anguka" tupu, na wewe ukamwelewa bila shida.

Hapo ndipo mzazi anapokuwa mwalimu bila kushika chaki. Mtoto akisema "anguka!" nawe ukajibu "Ndiyo, kikombe kimeanguka", umemrudishia neno lake likiwa na kichwa chake. Umemwonyesha kwamba kikombe hudai *ki*. Ukimjibu kwa kibao, somo la ngeli limeahirishwa.

Kilifi: mama asiyesoma ni shahidi mzuri

Duniani kote watafiti hupima msamiati wa watoto wadogo kwa kumpa mzazi orodha ndefu ya maneno akaweka alama kwenye yale mtoto anayoyajua. Kilifi, pwani ya Kenya, mwanasaikolojia Katie Alcock na wenzake walitengeneza orodha za Kiswahili na Kigiriama, kisha wakawauliza wazazi ana kwa ana, wakiwemo wasiojua kusoma. Njia hiyo ilifaa. Anayeishi na mtoto hujua hazina yake ya maneno, na hahitaji kuwa na cheti ukutani.

Meno hutangulia maneno

Binadamu hupiga, kung'ata na kusukuma wenzake zaidi akiwa na miaka miwili au mitatu kuliko umri mwingine wowote. Shukuru kwamba wakati huo mikono yake ni midogo. Huo ndio umri ambao anataka mengi na maneno aliyo nayo ni machache, basi ngumi hujaza pengo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuata watoto 120 tangu wakiwa na miezi 18 hadi walipofika miaka minne. Waliwekwa kwenye jaribu gumu kuliko mtihani wa taifa: zawadi iko mbele yako, na usubiri dakika nane mama amalize kazi yake. Ambao lugha yao ilikua vizuri mapema walikuwa na hasira kidogo kufikia miaka minne. Waliweza kumuuliza mama kwa utulivu na kujitafutia la kufanya. Maneno ndiyo breki za hasira, na kila neno unalompa mtoto ni ngumi moja aliyopunguza.

Mkono wa baba na msamiati wa miaka tisa

Katika miji 20 ya Marekani watafiti waliwafuata watoto waliozaliwa kati ya 1998 na 2000. Taarifa ya mwaka 2013 kuhusu watoto 1,933 kati yao ilieleza kwamba wakiwa na miaka mitatu, asilimia 57 walikuwa wakichapwa na mama na asilimia 40 na baba. Jambo la ajabu lilikuwa mbele zaidi. Watoto ambao baba aliwachapa mara mbili au zaidi kwa wiki wakiwa na miaka mitano walionekana kuwa na msamiati mdogo zaidi walipofika miaka tisa.

Kipimo chenyewe ni rahisi kama mchezo: mtoto anatazama picha nne, anasikia neno moja, anagusa picha inayolingana nalo. Huo ni uhusiano uliobaki hata baada ya kuhesabu mambo mengine ya familia. Haimaanishi kwamba kibao kimoja hufuta ukurasa wa kamusi. Ni mazoea ya miaka yanayoacha alama.

Kuku au yai?

"Labda watoto wenye matatizo ndio wanaochapwa zaidi," utasema, na ni swali la busara. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2009, uliwatazama watoto 2,573 wa familia za kipato cha chini wakiwa na mwaka mmoja, miwili na mitatu. Kuchapwa katika umri wa mwaka mmoja kulitabiri ukorofi zaidi katika miaka miwili na alama za chini za maendeleo ya akili katika miaka mitatu. Upande wa pili haukuonekana: ukorofi na alama za chini hazikutabiri kuchapwa baadaye. Na kugombezwa kwa mdomo katika umri wa mwaka mmoja hakukutabiri matokeo hayo mawili. Mkono ulikuwa na uzito wake peke yake.

Ubongo unaoona chui kwenye picha

Mwaka 2021 watafiti wa Harvard na wenzao walitangaza walichokiona kwa watoto 147 waliolazwa kwenye mashine ya MRI na kuonyeshwa picha za nyuso. Uso wenye hofu ulipotokea, ubongo wa watoto waliowahi kuchapwa ulishtuka zaidi katika sehemu za mbele zinazopima hatari, ukilinganisha na wasiochapwa. Watoto waliopata ukatili mkubwa hawakuwamo kabisa katika hesabu hiyo. Hawa walikuwa wa vibao vya kawaida vya nyumbani. Askari anayekesha akisikiliza vishindo hana muda wa kusikiliza hadithi, na ubongo unaolinda lango huenda una nafasi ndogo ya kuokota maneno.

Fimbo hufundisha ufasaha wa aina moja

Katika nchi moja ya Afrika Magharibi kulikuwa na shule mbili: moja ya fimbo, nyingine ya kukaripia na kumtenga mtoto kwa muda. Watafiti Victoria Talwar na Kang Lee waliwachezesha watoto wa miaka mitatu na minne wa shule zote mbili. Mtu mzima alimwacha mtoto peke yake na kichezeo kilichofichwa, akamwambia asichungulie. Wengi walichungulia, kama wewe na mimi tungefanya.

Tofauti ilikuja kwenye swali: "Umechungulia?" Wa shule isiyo na fimbo, waliodanganya walikuwa zaidi kidogo ya nusu ya waliochungulia. Wa shule ya fimbo walidanganya karibu wote, tena walipobanwa kwa maswali ya ziada waliujenga uongo wao kwa ustadi zaidi. Kumbe fimbo huweza kunoa ulimi, ila unaenda kunolewa upande usiotakiwa.

Nchi 49, jibu linalofanana

Usidhani mambo haya ni ya Marekani peke yake. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika nchi 49 za kipato cha chini na cha kati, watoto wanaopewa adhabu ya viboko au makofi wana uwezekano mdogo kwa asilimia 24 wa kuwa kwenye mstari sahihi wa makuzi kuliko wenzao wasiopigwa. Kila mwaka watoto bilioni 1.2 hupigwa nyumbani kwa jina la adhabu. Ukichukua kila mwenye uhai Afrika Mashariki yote, utakuwa bado uko mbali na idadi hiyo.

Sheria iliyoletwa na maziwa

Sweden ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kumchapa mtoto hata nyumbani kwake, tarehe 1 Julai 1979. Serikali haikutegemea polisi. Ilichapisha ujumbe kwenye pakiti za maziwa, ili familia isome na kujadiliana wakati wa kifungua kinywa, na kila nyumba yenye mtoto mdogo ikapelekewa kijitabu. Leo nchi zaidi ya 65 zimefuata. Fikiria sheria inayoingia jikoni badala ya kituoni, na mtoto anayeanza kusoma akawa wa kwanza kuisoma kwa sauti.

Jiwe badala ya fimbo

Mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo, Msweden Astrid Lindgren, mwandishi wa vitabu vya watoto, alipewa tuzo ya amani mjini Frankfurt. Katika hotuba yake alisimulia kisa cha mama aliyemtuma mwanawe mdogo akatafute fimbo ya kumchapia. Mtoto alichelewa sana, akarudi analia. Fimbo hakuipata, akamweleza mama, ila ameleta jiwe, anaweza kumrushia hilo. Mama naye akalia. Mtoto alikuwa amefuata mantiki yake mpaka mwisho: kama mama anataka niumie, chochote kitafaa. Bila maneno yale machache, mama asingejua kamwe mwanawe alikuwa akiwaza nini njia nzima.

Namanga, hatua chache, sheria mbili

Simama Namanga, mpakani. Upande wa Kenya, Ibara ya 29 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu, mdogo kwa mkubwa, haki ya kutopewa adhabu ya viboko. Upande wa Tanzania Bara, kanuni za shule zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa makubwa, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na viandikwe kitabuni. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu vijana watatu kati ya wanne walipata ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Hukohuko Tanzania, watafiti walileta mafunzo ya siku chache kwa walimu kuhusu kutunza nidhamu darasani bila kiboko. Walipoyapima katika shule za sekondari za serikali, matumizi ya ukatili yalipungua.

La kujaribu leo jioni

Umesoma kapu zima, basi chukua moja uende nalo nyumbani. Mtoto akimwaga maji, zihesabu zile sekunde 30 za Dallas kimoyomoyo. Kisha mwambie: "Maji yamemwagika. Lete kitambaa tuyafute." Ndani ya sentensi hizo mbili kuna *maji*, kuna *ya* inayoyafuata kwenye kitenzi, kuna *kitambaa*, na kuna kazi ya mikono miwili midogo. Sakafu itakauka, na mtoto atakuwa amejifunza ngeli.